Tabibu Anajibu: Unga uliotuliza viungo kwa siku tatu

Nikope kikoba ninunue makopo yaliyobaki?

Shikamoo mama tabibu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, nakaa Gungu hapa Kigoma, nauza vitenge sokoni Mwanga. Mwaka juzi vidole vilianza kuvimba, asubuhi siwezi kukunja ngumi mpaka saa nne. Nikaambiwa ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo. Nikaanzishiwa methotreksati kila Jumapili, pamoja na vidonge vya foliki. Nilipata nafuu lakini si kabisa, kwa hiyo nikawa naongeza diklofenaki ya dukani asubuhi na jioni. Mwezi uliopita dada mmoja wa kundi letu la WhatsApp akaniambia chanzo ni utumbo unaovuja: sumu zinatoka tumboni zinaingia kwenye damu, na dawa za hospitali zinazidi kuutoboa. Ana unga wa mizizi wa kuuziba, kopo shilingi 85,000. Nikanunua. Siku ya tatu, mama, niliamka nikakunja ngumi! Nikaacha methotreksati. Sasa ni wiki ya tano, maumivu hakuna, uso umejaa, majirani wanasema nimenawiri, ila usiku nashikwa na njaa na kiu isiyoisha. Kopo la pili limebaki vijiko vichache, na dada anasema dozi ni makopo matano. Nikope kikoba ninunue yaliyobaki? Na ni kweli ugonjwa huu unaanzia tumboni?
*Mama wa Watatu, Gungu*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu mchana na sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia simu jioni ile ile, na haya ninayaandika kwa ruhusa yako, baada ya wewe kwenda hospitali, ili na wengine wayasome.

Kilichonishtua ni hizo siku tatu. Ungesema nafuu imekuja taratibu, mwezi wa pili au wa tatu, ningekujibu kama ninavyowajibu wote. Methotreksati yenyewe, ambayo imekuwa ikitibu baridi yabisi tangu miaka ya 1980, huchukua wiki 6 hadi 12 kabla mgonjwa hajasema afadhali. Sijaona mzizi wa kujenga upya ukuta wa utumbo na kukunjua vidole kwa siku tatu. Kinachofanya kazi kwa haraka hiyo, na ambacho nimekiandika kwenye vyeti vya wagonjwa kwa miaka 31, ni dawa za jamii ya steroidi: prednisoloni, deksamethasoni. Hizo hunyamazisha kinga ndani ya siku chache. Zikimezwa wiki kadhaa bila kipimo, uso hujaa ukawa duara, njaa haikatiki, sukari na presha hupanda, mifupa hupungua nguvu. Majirani wanaona umenawiri. Mimi nilisoma neno hilo mara mbili, kisha nikachukua simu.

Kuchanganya steroidi iliyosagwa ndani ya unga unaoitwa wa asili ni hila ya zamani, na mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimewahi kukamata dawa za viungo za namna hiyo. Mgonjwa anapona siku ya tatu, anatangaza kwa wenzake, anarudi kununua. Akikosa unga, maumivu yanarudi kwa kishindo, naye anaamini kilichokosekana ni mizizi.

Nilikukataza mambo mawili kwenye simu. Usinunue kopo lingine. Na usiache ghafla ukabaki nyumbani. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Zikizoea kuletewa kutoka nje kwa wiki tano, hulala. Ukikata siku moja zikiwa bado zimelala, unaweza kuishiwa nguvu, ukatapika, presha ikashuka, ukazimia, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo nilikuomba uchukue kopo na vile vijiko vilivyobaki uende navyo, hata kama utaona aibu kuliweka juu ya meza ya daktari. Ulikwenda Jumanne, nakushukuru. Sukari ilisoma 12.6 kabla hujala, na wewe hujawahi kuwa na kisukari. Umepewa prednisoloni ya kupimwa ambayo itapunguzwa kidogo kidogo, na methotreksati imerudi siku yake ya Jumapili.

Kikoba usikope.

Sasa nije kwenye swali la pili. Ni swali zuri, na ninaumia kwamba muuza unga alikufikia kabla yetu, maana alichokuambia kina nusu ya ukweli. Wewe hukunaswa na uongo mtupu. Ulinaswa na hiyo nusu.

Mwaka 1994 nilikuwa zahanati moja ya kijiji kando ya ziwa. Kijana mvuvi wa dagaa akaletwa kwa mtumbwi, goti limejaa kama embe dodo, macho mekundu, mkojo unamchoma. Akaniambia, "Dada daktari, hii imeanza tangu nilipohara damu, wiki tatu nyuma." Nikamjibu kwamba tumbo na goti havina uhusiano. Nikampa sindano, akaenda anachechemea. Kijana yule alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Kuna ugonjwa wa viungo unaofuata kuharisha kwa bakteria kama shigela na salmonela, na watafiti wamekuta vipande vya bakteria wa tumboni ndani ya maji ya goti la wagonjwa wa aina hiyo. Nimemkumbuka kijana yule mara nyingi. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Tuutazame huo ukuta. Ndani ya utumbo, kati ya chakula chako na damu yako, kuna safu moja tu ya chembe hai. Moja! Nyembamba kuliko karatasi, na mwili huijenga upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Ukiukunjua utumbo wote ukautandaza, pamoja na mikunjo yake, unapata kama mita 32 za mraba, yaani vyumba viwili vya kawaida vya kupangisha. Juu ya safu hiyo kuna ute unaoteleza kama mlenda. Upande wa chakula wanaishi bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe za mwili wako mwenyewe, ingawa wote kwa pamoja uzito wao ni kama gramu 200. Upande wa pili, nyuma ya ukuta, limepiga kambi jeshi kubwa la kinga.

Chembe hizo zimefungwa pamoja kwa mafundo. Wewe umekulia Kigoma, umeuona wavu wa dagaa: ubora wake uko kwenye mafundo, maji yapite, dagaa abaki. Mafundo ya utumbo nayo hulegea na kukaza kwa kipimo, virutubisho vipite, bakteria na vipande vyao vibaki. Yakilegea kupita kiasi, vipande vinapenya, na askari wa nyuma ya ukuta wanaamka wakati hakuna vita.

Tena elimu hii imetoka kwenye ugonjwa ambao sisi watu wa ziwani tunaujua kuliko wengi, kipindupindu. Daktari wa watoto Mtaliano, Alessio Fasano, alikuwa Maryland, Marekani, akitafuta chanjo yake. Bakteria wa kipindupindu akaondolewa sumu yake kuu, ikategemewa hataharisha mtu tena. Watu waliojitolea wakaharisha. Katika kutafuta kwa nini, mwaka 1991 Fasano na wenzake wakatangaza sumu nyingine ambayo kazi yake ni kulegeza yale mafundo. Mwaka 2000 wakaonyesha kwamba mwili wa binadamu una kitu chake chenye kazi kama hiyo, wakakiita zonulini. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga na kipindupindu kikaingia, tulihangaika na dripu na maji ya chumvi na sukari usiku na mchana. Ni baada ya kustaafu, nikiwa na nafasi ya kusoma, ndipo nilipojua bakteria yule yule ndiye aliyewafundisha wataalamu habari za mafundo.

Kwa hiyo utumbo kuvuja ni jambo la kweli. Muuza unga anapopotoka ni pale anaposema ndiyo chanzo, na ukiziba umepona.

Fikiri watoto wa vijiji vyetu vinavyokunywa maji ya mtoni au ya ziwani bila kuchemsha. Utumbo wa wengi wao umechakaa, vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vimefupika, ukuta unavuja, na ni moja ya sababu za udumavu. Kama kuvuja peke yake kungeleta baridi yabisi, shule zetu za msingi zingejaa watoto wenye vidole vilivyopinda. Hazijajaa. Chungu hiki kinakaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni urithi, vinasaba ambavyo mtu anazaliwa navyo. La pili ni kichokozi: bakteria, moshi wa sigara, chakula kwa baadhi ya magonjwa. La tatu ndilo ukuta. Ukiwa na figa moja, chungu hakikai.

Na bakteria wenyewe hawana sura moja. Mwaka 2013 watafiti wa New York walipima choo cha wagonjwa wapya wa baridi yabisi ambao hawajaanza dawa, wakamkuta bakteria aitwaye Prevotella copri kwa asilimia 75 ya wagonjwa, wakati kwa watu wazima wa afya alikuwa kwa asilimia 21. Ukisoma hapo tu utamwita mwizi. Lakini ukoo huo huo wa Prevotella umejaa kwenye matumbo ya watoto wa vijijini Burkina Faso wanaokula mtama na majani, na kwa Wahadza wetu wa bonde la Eyasi, ambao nyuzinyuzi wanazokula kutokana na mizizi, matunda na ubuyu hufika gramu 100 kwa siku. Bakteria mmoja, nyumba mbili, tabia mbili. Mtu anayekuambia ana unga wa kuua bakteria mbaya, muulize mbaya yupi.

Kuhusu kuziba, wapo waliojaribu kwa uaminifu. Ilitengenezwa dawa ya kukaza mafundo, larazotaidi, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa seliaki, ugonjwa ambao ngano hudhuru utumbo, hadi hatua ya tatu ya majaribio. Mwaka 2022 jaribio likasimamishwa, kwa sababu tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa ilionekana ndogo mno. Hiyo ni kampuni yenye maabara na miaka ya kazi. Dada wa kundini anakuahidi kwa makopo matano.

Sasa nisikilize hapa kuliko kote. Katika vyote ulivyoniandikia, kitu ambacho nina hakika kinatoboa ukuta wako ni ile diklofenaki ya dukani. Tangu miaka ya 1980 wataalamu waliokuwa London walionyesha kwamba dawa za maumivu za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na ndugu zao, zinaongeza uvujaji wa utumbo mwembamba, mbali na vidonda vya tumbo tunavyovijua. Zina nafasi yake, daktari anaweza kukupa kwa siku chache pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Asubuhi na jioni kwa mwaka na nusu, kwa kununua mbili mbili kwenye kikaratasi, hapana. Ukizimeza pamoja na methotreksati, figo nazo zinabeba mzigo. Ulitoka kwenye vidonge vinavyovujisha utumbo ukaenda kununua unga wa kuuziba, na hakuna dukani aliyekuuliza unavitumia kwa muda gani. Hilo linaniuma sana.

Kama nafuu ilikuwa nusu, dawa ya hiyo nusu ilikuwa kurudi kliniki kuongezewa. Ndivyo ilivyofanyika: umeandikiwa salfasalazini. Utaipenda ukiijua. Iliundwa Sweden na daktari mwanamke, Nanna Svartz, karibu na miaka ya 1940, kwa ajili ya ugonjwa kama wako. Kidonge hicho kinafika utumbo mpana kikiwa kimefungwa, na wanaokifungua ni bakteria wako mwenyewe. Wanakikata vipande viwili ndipo kifanye kazi. Kwa hiyo hao wakazi wa tumboni unaowaogopa watakuwa wanakuandalia dawa. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa usishtuke.

Chakula. Yule dada wa unga alikuambia, nawe ukanisimulia kwenye simu, uache maharage, muhogo na majani ya kijani kwa sababu "vinachokoza". Rudisha vyote. Bakteria wa utumbo mpana wanachachua nyuzinyuzi na wanga mgumu, kama mama zetu wanavyochachusha muhogo kupata kivunde, na katika kuchachua wanatoa asidi iitwayo butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana, na tafiti za mwaka 2013 kwa panya zilionyesha pia inazalisha askari wa kinga ambao kazi yao ni kutuliza wenzao. Wakikosa nyuzinyuzi, bakteria hula ule ute wa mlenda. Hilo nalo limeonekana kwa panya waliopewa bakteria wa binadamu. Maharage ya Kasulu, ugali wa dona, sombe, mchicha, ndizi, viazi vitamu vilivyolala vikapoa, ambavyo wanga wake hugeuka mgumu zaidi. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, na utando wa utumbo unaihitaji. Kijiko kimoja kwenye mboga kinatosha. Migebuka na dagaa endelea. Havitatibu baridi yabisi. Vinalisha ukuta, na methotreksati inafanya kazi yake.

Mambo machache kwa haraka, kwa kuwa Jumapili inakuja. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, usiimeze kila siku hata iweje, nimeona kosa hilo likitoa vidonda mdomo mzima. Foliki iwe siku nyingine. Pombe ya ndizi weka kando, ini lina kazi. Na kwa kuwa bado una umri wa kuzaa, tumia uzazi wa mpango ulio imara, maana dawa hii huharibu mimba; ukitaka mtoto wa nne, sema kliniki miezi kadhaa kabla. Fizi zako ulisema kwenye simu zinatoka damu. Nenda kwa daktari wa meno, si jambo dogo: bakteria wa ugonjwa wa fizi ana kimeng'enya kinachobadilisha protini za mwili kwa namna ile ile ambayo kinga ya mgonjwa wa baridi yabisi huishambulia, na viini vya kinga vinavyozishambulia protini hizo huonekana kwenye damu miaka mingi kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Mlango wa utumbo ni kinywa.

Nipigie tena majibu ya ini yakitoka.

Tuache chapati wote?

Tabibu, mwanangu, nakuandikia kutoka Ujiji. Mjukuu wangu wa miaka 11 aliyeko Dar es Salaam alikuwa anakonda, anaharisha, damu pungufu kila akipimwa. Wamesema ni seliaki, kwamba ngano inamuua utumbo. Anakuja likizo ya Disemba. Mke wangu amesema nyumba nzima hatutapika tena chapati wala sambusa, hata Idi. Ni lazima? Na mimi babu yake ninayo?
*Mzee wa miaka 71, Ujiji*

Shikamoo mzee wangu.

Katika magonjwa yote ya kinga kujishambulia, huu ndio ambao kichokozi chake tunakijua kwa jina, ukikiondoa utumbo unajijenga upya. Aligundua daktari Mholanzi, Willem Dicke. Alikuwa anashuku ngano hata kabla ya vita, kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ukaadimika Uholanzi, watu wakawa wanakula hata vitunguu vya maua, na watoto wake wa wodini wenye seliaki, badala ya kuzidiwa, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanguka tena. Nikiifikiria wodi ile huwa natulia kidogo.

Kinachochokoza ni gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Vipande vyake vinapenya ukuta, kinga ya mwenye urithi huo inavichukia, na katika kuvishambulia inavifyeka vinyweleo vya utumbo mwembamba. Ndiyo maana damu haipandi hata akipewa vidonge vya madini ya chuma. Mahali pa kufyonzea hapapo.

Nyumba nzima kuacha si lazima, lakini chungu chake kiwe salama, na hapo ndipo wengi wanakosea. Asikaangiwe mihogo kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi. Unga wake wa muhogo au mahindi usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Ubao wa kusukumia chapati usikatiwe mboga zake. Soseji, supu za pakiti na baadhi ya vinywaji vya kimea vina ngano au shayiri ndani, wasomewe lebo. Zaidi ya hayo, mzee, mjukuu wako anakuja mahali panapomfaa: ugali wa muhogo, wa dona, wa mtama, wali, ndizi, maharage, migebuka, samaki wa kuchoma Kibirizi, vyote havina gluteni. Bibi akitaka sambusa ya Idi apike, ila yeye apikiwe vitumbua vya mchele, kwenye mafuta mapya, kabla ya ngano kufunguliwa.

Ninyi wengine: ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Wazazi na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe damu hata kama hawaumwi, na wewe ukiwa na kukonda au upungufu wa damu usioeleweka, omba upimwe. Neno moja tu la kushika: kipimo hufanywa mtu akiwa bado anakula ngano. Akiiacha kwanza, viini vya kinga hushuka na majibu yatasema hana wakati anayo.

Maziwa yangu yana ugonjwa?

Shikamoo mama. Niko Urambo, nina lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, natumia haidroksiklorokwini. Nimejifungua salama, mtoto ana miezi mitatu. Mama mkwe anasema maziwa yangu yana ugonjwa, yatamharibu mtoto tumbo, bora nimwanzishie uji wa ulezi na maji ya asali. Nimesoma pia kwamba lupasi inatokana na bakteria wa tumboni. Nifanyeje?
*Mama wa kwanza, Urambo*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Mnyonyeshe. Lupasi haipiti kwenye maziwa, na haidroksiklorokwini inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Usiiache, maana lupasi hupenda kuibuka baada ya uzazi. Nenda ukapimwe macho kila mwaka utakapokuwa umeitumia muda mrefu.

Kuhusu ulichosoma: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba kwa panya wenye asili ya lupasi, bakteria mmoja, Enterococcus gallinarum, huvuka ukuta wa utumbo akafika kwenye ini, na hapo kinga ikachokozeka. Walimkuta pia kwenye ini la baadhi ya wagonjwa wa lupasi. Panya walipopewa dawa ya kumdhibiti walipata nafuu. Kwa binadamu hakuna antibayotiki ya kutibu lupasi iliyotokana na hayo, kwa hiyo mtu asikuandikie amoksilini kwa sababu hiyo, wala usinunue mwenyewe.

Maziwa yako sasa. Ndani yake kuna sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya kabisa. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake, hasa wale waitwao bifidobakteria, ambao wanazila, wanaongezeka na kuutia utumbo asidi kidogo ili wabaya wasipate makazi. Kuna pia viini vya kinga vinavyoupaka ukuta wa utumbo wake, ambao kwa umri huo bado haujakomaa. Finland, nchi inayoongoza duniani kwa kisukari cha watoto kinachotokana na kinga kujishambulia, watafiti walilinganisha matumbo ya watoto wake na ya watoto wa Karelia ya Urusi, ng'ambo tu ya mpaka, ambako kisukari hicho ni kichache mno. Mwaka 2016 walitangaza kwamba bakteria wa mwanzo kabisa wa maisha walikuwa tofauti, na wa Finland walikuwa wapole kiasi cha kutoipa kinga changa mazoezi. Miezi hii mitatu, minne, ndiyo kinga ya mwanao inajifunza nani ni mgeni na nani ni wa nyumbani, na mwalimu wake ni maziwa yako.

Asali ya Tabora ni nzuri, lakini mtoto hapewi asali mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria anayepoozesha misuli ya mtoto mchanga. Mwambie mama mkwe kwa upole, ukiweza mpeleke kliniki asikie kwa nesi. Na ule ulezi wake mwambie autunze: siku mtoto akifika miezi sita, yeye ndiye ampikie uji wa kwanza.